Kidari cha Mzee Aloisi

Kuna kitabu kinasomwa vyuoni huko, na mimi nimo ndani yake. Usikimbilie kunipongeza. Nimo chini kabisa ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ambayo mtu wa umri wangu anayasoma kwa kusogea dirishani, na pale mwenye kitabu ameandika kwamba nusu ya pili ya wimbo wetu wa kusafisha mfereji haikupatikana kwa sababu msaidizi wake alikosea kugawa nyama ya mbuzi. Jina halipo. Msaidizi, basi. Lakini Kilema nzima, kwetu mlimani, inamjua huyo msaidizi, na miaka yote hii nikipanda kwenda kwenye ubatizo au matanga, mbuzi akifika mezani lazima atokee mtu wa kunitoa kisu mkononi na kuniambia, "Dismas, wewe pumzika tu." Wenzangu wanakumbukwa kwa kujenga zahanati. Mimi nakumbukwa kwa kumpa mgeni kidari, ile nyama ya kifuani ambayo kwetu ni ya mkubwa wa ukoo, na mkubwa mwenyewe amekaa palepale, na rekoda inazunguka.

Nisingeyafukua haya kama mwenye kitabu asingenitokea mwezi uliopita. Nina kaduka ka vipuri vya bodaboda pale Himo, njia panda, na siku hiyo nilikuwa nabishana na kijana mmoja aliyetaka kunirudishia breki alizozitumia hadi zikaisha. Gari ikasimama, akashuka mama mwenye fimbo na mtandio mweupe, akanitazama vizuri, akasema, "Dismas, bado unabishana na kila mtu?" Sauti ile ile ya kuuliza kama anasahihisha mtihani. Nikasema shikamoo Dada Zuhura, nikamfutia kiti kwa shati langu mwenyewe. Alikuwa amestaafu. Alikuja kutaka kitu, na nitakisema, ila kwanza nikurudishe mwaka ule, maana bila hivyo utaniona mjinga wa kawaida. Sikuwa mjinga wa kawaida. Nilikuwa mjinga aliyeajiriwa kwa ajili ya ujuzi wake.

Shule tulikuwa tumeachana kwa amani nikiwa form two, yenyewe ikabaki na masomo, mimi nikabaki na kaptula. Nikashuka mjini nikakaa mtaa wa Majengo, chumba kimoja na Salimu, fundi redio, mtoto wa palepale, ambaye alikuwa analala katikati ya spika zilizofunguliwa matumbo. Dada Zuhura akapanga chumba ng'ambo ya uwanja wetu. Alikuwa anafundisha chuo kikuu, amepewa likizo ya mwaka mmoja amalizie utafiti, na mwaka ukiisha hana utafiti, basi na ile shahada yake ya juu haipo. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza kwa sababu kuta za Majengo hazifichi kitu. Asubuhi nilikuwa nawasikia wapangaji wawili wanakaanga vitumbua na kumjadili: mwanamke mzima, kasoma hadi kichwa kimechoka, kaja kuandika nyimbo za Wachaga, hivi nyimbo zinaliwa? Mwenzake anajibu kwamba zinaliwa, mbona yule anakula. Na mwenyewe yuko ndani anasikia, anacheka, halafu anawatuma watoto wakamletee vitumbua vya watu hao hao.

Chumba chake sijakisahau. Kitanda kilikuwa cha kulalia karatasi, yeye alilala kwenye mkeka. Jiko la mafuta ya taa lilikaa juu ya boksi la vitabu, kitu ambacho hata mimi niliona si akili. Humo ndimo alimonieleza kazi, tukila chapati na maharage. Kule juu Kilema kuna mfongo, mfereji wetu wa kienyeji, unatoa maji msituni na kuyaleta hadi kwenye migomba. Nani aliuchimba? Vitabu vya historia vilisema mangi, mtawala wetu wa jadi, aliamuru. Hotuba za wanasiasa zilisema wananchi waliitikia wito wa viongozi wao, na kila kiongozi aliyekuja alisema wito ulikuwa wake. Halafu kuna wimbo, unaoimbwa wakati wa kuusafisha huo mfongo, na wimbo nao una la kwake. Historia, siasa na fasihi, alisema, ni ndugu watatu wa tumbo moja wasiosalimiana, na yeye anataka kuwakalisha meza moja. Mimi nikaona hiyo ni kesi ya baraza la kata, lakini nilitaka kazi. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka najikwaa: "Dada, umefika. Mimi ni wa Kilema kabisa, mila zote ninazo."

Mila zote. Mtu niliyekuwa nakwenda nyumbani Krismasi tu, nikifika nasinzia.

Basi tukaanza. Kama hujawahi kufanya utafiti nikupe siri yake: ni kukaa kwenye mabenchi. Tulikaa benchi la ofisi moja ambako karani alituambia mafaili yapo, ila mwenye funguo kaenda kuzika, na tuliporudi mwenye funguo yupo, ila mafaili yameliwa na mchwa. Tulikaa benchi la mzee mmoja aliyesimulia asubuhi nzima habari za vita, Dada Zuhura anaandika mkono unauma, mwisho tukagundua anasimulia sinema. Kila mtu aliyekuwa na kahawa na migomba alijua nani alichimba mfongo, na kila mara alikuwa babu yake. Jioni tunarudi Majengo, Dada Zuhura anapanga madai yao sakafuni kama karata, anavua miwani, anasema, "Dismas, hawa wote hawawezi kuwa sahihi." Namwambia dada, kwetu wanaweza.

Aliyetuokoa ni Mzee Felisi, mdogo wa ukoo wetu kwa maana ya kuwa alikuwa na kaka mmoja tu juu yake. Nyumba yake ilikuwa na sebule ya heshima, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, picha ya Moyo Mtakatifu, na redio ambayo Salimu angeitolea machozi. Akatuimbia nusu ya kwanza ya wimbo, rekoda ikanasa. Nusu hiyo ni sifa tupu: mangi ni kivuli, mangi ni mvua, mangi kanyoosha fimbo na maji yakafuata. Dada Zuhura akauliza inayoendelea. Mzee Felisi akasema inayoendelea ipo, ila yeye si wa kuiimba. Kuongoza nusu ya pili ni kazi ya mkubwa. Yeye kazi yake ni kuitikia, na maneno ya kuongoza hajawahi kuyaweka mdomoni. Mkubwa ni Mzee Aloisi, kaka yake, anakaa kule chini karibu na mfongo, kwenye nyumba ya zamani. Tukamwendea Mzee Aloisi na adabu zote. Akatusikiliza, akachokoza moto, akasema sawa, tukutane kwa mdogo wake, tule pamoja, ataimba.

Dada Zuhura siku hizo alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Mbuzi akanunuliwa. Tukapanda na Salimu atuchinjie, ili na wao wawili waweze kula, naye akachinja vizuri, akachuna, halafu akakaa pembeni na Dada Zuhura wakikitazama kisusio chetu, ile supu ya damu, kwa macho ya watu waliokuja kutembelea sayari nyingine. Kugawa nyama nikajitolea mwenyewe. Mzee Felisi akaniuliza, unajua? Nikamjibu kwa jeuri ya mjini, mzee, sisi ni watoto wa hapa. Na hapo ndipo akili yangu yote ya form two ilipofanya kazi kwa pamoja. Nikawaza: nani mkubwa leo? Si huyu, msomi, mgeni, kaja toka mbali kwa ajili yetu? Nikakata kidari kizuri, kina mafuta yake, nikakipeleka kwa mikono miwili kwa Dada Zuhura. Mzee Aloisi nikampa mbavu.

Dada Zuhura akashukuru, akala, na kwa kuwa alikuwa na njaa ya benchi la miezi, akala vizuri. Mzee Aloisi akaitazama sahani yake. Akamtazama anayekula. Kisha akaiweka sahani chini, akafuta mikono ambayo haikuwa imegusa kitu, akachukua kofia yake. "Aika," akasema, yaani asanteni, akatoka. Rekoda yetu ilinasa mlango.

Sasa kilichonikera, na kinanikera hadi leo nikikaa vibaya, si kwamba nilikosea. Ni kwamba hakuna aliyetuambia. Watu wote waliokuwa mle ndani walijua, na wote walituaga kwa tabasamu na mkungu wa ndizi. Tulivyorudi siku nyingine, mzee hayupo. Tukirudi tena, mzee amelala. Mara ameshuka sokoni, na sisi tunaiona fimbo yake mlangoni. Tunauliza kuna nini, tunaambiwa hakuna neno. Kwetu, mtu akikwambia hakuna neno, ujue maneno yamejaa pipa. Dada Zuhura akaanza kutafuta sababu kisomi. Akaona labda ni rekoda. Akaona labda ni suruali yake, akaanza kupanda mlima na kitenge. Halafu akapata nadharia: mzee anaogopa, wimbo una siasa kali, huu ni ukimya wa mtu aliyeonewa na watawala. Akaandika kurasa nyingi sana juu ya ukimya ule, mchana na usiku, akanisomea na mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko, naam, watawala. Kumbe mtawala mwenyewe nilikuwa mimi na kisu changu.

Aliyetupasulia ni mke wa Mzee Felisi, Mama Yuliana. Tulikuwa jikoni kwake, anatupakulia mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, na Dada Zuhura anamweleza kwa huzuni habari za ukimya wa kihistoria. Mama wa watu akasikiliza hadi mwisho, akalamba mwiko, akauliza, "Siku ile mlimpa nani kidari?"

Nilikiona kijiko cha Dada Zuhura kikisimama. Hakunigombeza. Alinigeukia polepole akaniuliza, "Dismas, mila zote?" Mtori ule sikuumaliza, na mimi sijawahi kuacha mtori kabla wala baada.

Tukafuata taratibu. Mzee Felisi akachuma isale, lile jani refu tunalolipanda mipakani, akatutangulia hadi kwa kaka yake. Ukimpelekea isale mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe, na hilo angalau nilikuwa nalijua, kwa hiyo njia nzima nilikuwa napiga mluzi. Mzee Aloisi alilipokea jani. Tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja, Dada Zuhura akapewa chai. Akatuuliza habari za mjini, akatania kwamba nimenenepa kwa mbavu za watu. Dada Zuhura akapapasa mkoba, akatoa rekoda taratibu, kama mtu anayetoa kifaranga. Mzee akaiangalia.

"Nimewasamehe," akasema. "Kusamehe nako ni kuimba?"

Akaongeza kwamba wimbo ule una mahali pake, ni kwenye mfongo, siku ya kuusafisha, na mwaka huu siku hiyo bado. Dada Zuhura akauliza lini. Akajibiwa maji yakipungua. Akauliza yatapungua lini. Mzee akamtazama kwa huruma kabisa, akamwambia, "Mwalimu, hayo kawaulize maji."

Likizo yake ikaisha maji bado yanatiririka. Alifunga karatasi zake kwenye maboksi, akanikabidhi rekoda na kanda mpya, akaniapisha kwa Mungu wa dini zote mbili kwamba siku hiyo ikifika nitakuwepo. Nilikuwepo. Mzee Aloisi aliponiona nimeshika kile chombo akaniambia nikiache nyumbani kwa Mama Yuliana, kisije kikalowa, halafu akanipa jembe. Nilitaka kulia. Ukoo mzima ulikuwa kwenye tope, kila mtu na kipande chake cha kuzibua, anayekosa anatozwa mbege, na mimi nikawekwa pembeni ya mzee mwenyewe kubeba mawe. Alikuwa ananionyesha kila jiwe linakokwenda, na nikiliweka vibaya ananirudisha. Jua lilipopanda akaanza kuongoza, sifa za mangi, sisi tunaitikia. Kisha sauti ikashuka kidogo, watu wakacheka kabla hata hajasema, na nusu ya pili ikaanza.

Naweza kukwambia ilivyo, kwa Kiswahili chepesi. Inasema mfongo tuliuchimba sisi, matope haya tunayajua kwa majina. Maji yalipofika, ukoo ukachinja mbuzi, mkubwa akakaa asubiri kidari chake. Mara wakatokea wenye kofia, watu wa mangi, hawana tope hata kwenye kucha, wakakaribishwa kama wageni, na mpumbavu mmoja kijana, anayependa wageni, akawakatia kidari. Mkubwa akabaki na mbavu. Ndivyo mfongo ukawa wa mangi. Watu walikuwa wanaitikia huku wananitazama mimi, wengine wamekaa chini kwa kucheka, na nikaelewa kwa nini siku ile sebuleni hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wanauona wimbo ukitembea mbele yao na sahani mkononi. Dada Zuhura alikuwa anautafuta utafiti wake huku anautafuna, na mimi ndiye niliyemkatia. Mzee Aloisi hakucheka. Aliniimbia mstari mmoja mmoja, akasubiri niurudie, na nilipokosea alinirudisha, kama mawe.

Nikashuka mjini mbio, nikampigia simu Dada Zuhura. Alishangilia hadi laini ikakwaruza. Kisha akauliza, kanda ipo? Haipo. Nani mwingine ameshika maneno ya kuongoza? Hakuna, wengine waliitikia. Kukawa kimya, ule wa kweli, usiohitaji nadharia. Akaniambia kwa upole kwamba msimamizi wake atasema kijana aliyeacha shule katunga mwenyewe ili kufidia mbuzi. Hawezi kunitaja kama chanzo. Chanzo ni mzee, mwenye umri, mwenye kumbukumbu. Angepata nafasi angerudi amnase Mzee Aloisi mwenyewe. Hakupata. Msimu wa kahawa uliofuata tulimzika mzee chini ya migomba yake, na wimbo ukabaki kwa mtu mmoja tu asiyefaa kutajwa. Nilikasirika, sikufichi. Nilimkasirikia yeye, msimamizi wake, na vyuo vyote. Kitabu kilipotoka kikaja na ile habari ya msaidizi, na shahada akapata kwa kurasa za ukimya.

Ndiyo huyo sasa kakaa kwenye kiti changu Himo, fimbo kati ya magoti. Kitabu kinachapwa upya. Akavua miwani kama zamani, akasema, "Mdogo wangu, angalia kichwa chako. Una mvi. Sasa naweza kukunukuu." Yaani maisha yangu yote kilichokuwa kinapungua ni rangi ya nywele. Nilitamani kumfukuza, nikatamani kumchinjia mbuzi. Badala yake nikamwingiza chumba cha nyuma, kati ya matairi na makopo ya oili, akaweka simu yake juu ya boksi la plagi, na nikaimba. Nusu ya pili yote, kwa Kichaga chake, sauti mbovu. Yule kijana wa breki alisimama mlangoni akasahau alichokuja kudai. Nilipomaliza Dada Zuhura alikuwa ameshika kichwa cha fimbo kwa mikono miwili, anatazama sakafu.

Akauliza aandike chanzo ni nani, jina kamili. Swali hilo nilikuwa nimelisubiri tangu simu ile. Nilishakohoa, tayari kulitaja na la ubatizo na la ukoo. Nikaiona tena kofia ya Mzee Aloisi ikichukuliwa kwenye kitambaa cha kufuma, siku ile ya mbavu.

"Andika Aloisi," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi nilibeba mawe."

Akabishana kidogo, kwa kuwa ni msomi, kisha akanieleza jambo lingine kwa aibu. Nusu ya wimbo ikishapatikana, yale maandishi ya chini ya ukurasa hayana kazi tena, itabidi yaondoke. Na msaidizi alikuwa humo tu, hakuna pengine popote. Nikamwambia yaondoe. Nilisema haraka, kabla sijapata akili.

Jumamosi nikaenda Majengo kwa Salimu. Bado ni fundi, siku hizi wa simu, miwani minene kama chini ya chupa. Nikamsimulia yote, yeye anachokonoa kitu kidogo ambacho mimi hata sikioni. Alisikiliza hadi mwisho. Akatoa bisibisi mdomoni.

"Kwa hiyo safari hii kidari kimefika kwa mwenyewe," akasema. "Na wewe mgawaji umelamba kisu."